UZI: "Akitaka anaweza." Kinachotokea ubongoni mwa mtu mwenye Parkinson

TabibuViungo (mleta uzi)

Wadau, kazi yangu ni fiziotherapia hapa Nairobi, na wengi wa ninaowahudumia ni wazee. Kuna kauli ninayoisikia karibu katika kila familia inayomleta mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili uwe mzito kusogea: "Huyu akitaka, anaweza." Wanaisema kwa sababu jana walimwona akinyanyuka mwenyewe, na leo amekaa kitini asubuhi nzima akisubiri kuinuliwa. Basi wanaona amedeka, au ameamua kuwasumbua. Nimeshuhudia mzee akikemewa kwa hili mbele ya wajukuu wake, na liliniuma sana. Naandika kirefu ili mwenye mgonjwa nyumbani ajue kinachoendelea ndani ya kichwa cha mtu wake. Mwenye swali aulize.

Nianze na kisichoharibika. Misuli ya mgonjwa, hasa miaka ya mwanzo, ni mizima. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda misulini ni nzima. Hata ile sehemu ya gamba la ubongo inayotuma amri kwa mkono ni nzima. Mwambie akubane mkono, atakubana uone. Hapo ndipo Parkinson inapotofautiana na kiharusi, ambacho huikata njia yenyewe ya amri na mkono ukalegea. Mitaani wengi huchanganya haya mawili kwa sababu Parkinson nayo huanza upande mmoja wa mwili.

Tatizo limejificha ndani zaidi. Sehemu ya juu ya shina la ubongo ina ukanda mdogo wa seli nyeusi, mmoja kila upande, uitwao substansia nigra. Seli hizi ni chache mno, laki kadhaa tu katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Lakini kila moja imetandaza matawi marefu hadi kwenye kiini kikubwa kiitwacho striatamu, na huko inagusana na seli nyingine katika sehemu nyingi kupita kiasi, ikidondosha kemikali ya dopamini. Kuulisha mtandao mpana hivyo ni kazi nzito kwa seli moja, na watafiti wengi wanaamini hiyo ni sababu mojawapo ya seli hizi kufa mapema kuliko jirani zake. Ndani yake protini ya alfa-sinukleini hujikunja vibaya na kujikusanya mabonge. Mabonge ya aina hiyo yalielezwa na Fritz Lewy mwaka 1912, ingawa protini yenyewe ilikuja kutambuliwa humo mwaka 1997. Aliyeonyesha kwamba ukanda mweusi wa wagonjwa umepauka ni Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris mwaka 1919. Wakati huo zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 100 tangu James Parkinson wa London auandike ugonjwa huu, mwaka 1817, kwa kuwatazama watu sita tu, wengine akiwa amewaona barabarani.

Mtu anapoona dalili ya kwanza mkononi, dopamini ya striatamu imeshapungua kwa zaidi ya nusu. Ugonjwa ulianza miaka mingi kabla. Ndiyo maana ukimdodosa mzee atakwambia alipoteza uwezo wa kunusa zamani, au mkewe atakwambia alikuwa akirusha ngumi usingizini.

Sasa tuingie kwenye saketi yenyewe. Striatamu ni mwanzo wa kundi la viini viitwavyo basali ganglia. Gamba la ubongo hutuma huko mapendekezo ya mwendo: inua mguu, geuka, shika kikombe. Mwisho wa kundi hilo ni kiini kiitwacho palidasi ya ndani, na hiki hakipumziki. Hata ukiwa umetulia tuli, seli zake hurusha ishara makumi ya mara kwa kila sekunde, na kila ishara ni ya kuzuia. Kinachozuiwa ni thalamasi, ambayo ndiyo hulirudishia gamba la ubongo msukumo wa kutekeleza. Kwa hivyo hali ya kawaida ya saketi hii ni kufunga. Fikiria geti la mtaa wowote hapa Nairobi: saa zote limefungwa, soja hulifungua kwa gari analolijua tu, kisha analifunga tena. Ubongo hauhitaji kusukuma mwendo utoke. Huondoa kizuizi kwa muda mfupi, mahali panapohitajika tu, na miendo mingine yote ikabaki imezuiwa.

Anayeamua hapo ni nani? Kuna njia mbili kutoka striatamu. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: seli zenye vipokezi vya dopamini vya aina ya D1 huinyamazisha palidasi ya ndani, thalamasi inaachiliwa, mwendo unatoka. Ya pili huzunguka: seli zenye vipokezi vya aina ya D2 huinyamazisha palidasi ya nje, na palidasi ya nje ikinyamaza, kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi kinapata nafasi ya kuichochea palidasi ya ndani izuie zaidi. Dopamini huzipa nguvu seli za D1 na kuzituliza za D2. Njia zote mbili zinaelekea upande wa kuruhusu. Dopamini ikikauka, zote mbili zinageukia upande wa kuzuia kwa pamoja. Mgonjwa anatuma amri, amri ni sahihi, ila thalamasi imekabwa.

Haya hayakuanzia kwenye nadharia. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga heroini ya kutengenezwa iliyokuwa imeharibika, na ndani ya siku chache wakaganda, hawawezi kusema wala kusogea, wakiwa na dalili zote za mzee wa Parkinson. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia hadi wakaikuta sumu iitwayo MPTP, ambayo huenda moja kwa moja kuua seli za substansia nigra. Tangu hapo watafiti waliweza kuutengeneza ugonjwa kwa nyani na kuipima saketi kiini kwa kiini. Mwaka 1990 Bergman, Wichmann na DeLong walionyesha kwamba nyani aliyeganda kwa MPTP, akiharibiwa kile kiini cha chini ya thalamasi, hutembea tena. Dopamini haikurudi. Kilichoondolewa ni kizuizi.

Na hapa naomba msome polepole. Dopamini haiishi sawasawa kila mahali. Inayoisha mapema na kwa wingi ni ya sehemu ya nyuma ya putameni, ndani ya striatamu. Sehemu hiyo ndiyo hubeba mazoea ya mwili: kutembea, kuyumbisha mikono, kupepesa macho, kumeza mate, kufunga vifungo vya shati, kugeuka kitandani. Sehemu za mbele, zinazobeba tendo unalolikusudia kwa akili, hubaki na dopamini kwa muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba mgonjwa analazimika kukusudia kila jambo ambalo mimi na wewe tunalifanya bila kuliwaza. Inua mguu wa kulia. Weka. Hamisha uzito. Inua wa kushoto. Akili ikiwa imetulia anamudu, na ndipo mnapomwona akitembea vizuri mbele ya daktari. Ukimsemesha njiani, au akiwa amechoka, au ana wasiwasi, ule umakini unahamia kwingine na mguu unakwama.

Kwa hivyo ni kweli, "akitaka anaweza." Anaweza kwa kutaka, hatua moja moja. Sasa niambieni nani kati yetu anaweza kutaka kila hatua, kila kumeza, kila kupepesa, kuanzia alfajiri hadi usiku.

Uso nao umo humo. Tabasamu la ghafla ni mazoea, na sauti ya kusikika ni mazoea. Muhammad Ali, aliyetambuliwa ugonjwa huu mwaka 1984 akiwa na miaka 42, alikuwa mtu wa maneno mengi na uso uliojaa uhai, kisha sauti ikafifia na uso ukatulia huku akili ikiendelea kuwa kali. Mzee wako anapokutazama bila kutabasamu, usimhukumu kwamba amekasirika.

KayoleKwetu

Asante sana daktari. Nina swali linalotugombanisha nyumbani. Baba akifika kwenye mlango wa kutoka chumbani anaganda, miguu inatetemeka pale pale, haendi mbele wala nyuma. Lakini ploti yetu haina lifti, tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi anazipanda vizuri kuliko anavyotembea sakafuni! Kanisani pia ngoma zikipigwa anatembea mpaka madhabahuni kutoa sadaka bila shida. Kaka yangu mkubwa anasema hayo ni maigizo. Mimi sitaki kuamini hivyo lakini sina la kumjibu.

TabibuViungo

Dada, mimi ni wa fiziotherapia, si daktari, lakini swali lako ni la maana kuliko yote na jibu lake liko wazi. Baba haigizi.

Ubongo una namna mbili za kuanzisha mwendo. Namna ya kwanza hutoka ndani: unaamua tu kwenda, na mpangilio unapitia basali ganglia pamoja na sehemu ya gamba la ubongo iliyo katikati, juu ya kichwa. Hii ndiyo iliyoharibika. Namna ya pili huongozwa na kitu cha nje, unachokiona au kukisikia, na hutegemea zaidi ubongo mdogo wa nyuma pamoja na sehemu nyingine za gamba la ubongo zilizo pembeni. Hii haihitaji sana dopamini. Ukingo wa kila ngazi unamwonyesha baba mahali pa kuweka mguu. Mdundo wa ngoma unamwambia lini. Sakafu tupu haimwambii chochote. Mlango nao una tabu yake: ni mwembamba, unadai mwili upange upya hatua, na mara nyingi mtu anakuwa anageuka hapo hapo. Kuganda mlangoni ni miongoni mwa dalili zinazojulikana zaidi za ugonjwa huu.

Basi itumieni ile namna isiyoharibika kuisaidia iliyoharibika. Bandikeni tepu ya rangi kali sakafuni, mistari ya kukatiza njia kabla ya mlango na baada yake, iachane kwa kadiri ya hatua yake ya kawaida. Mwambieni akanyage mistari, asifikirie mlango. Akiganda msimvute mkono, mtamwangusha, kwa sababu kiwiliwili kitatangulia na miguu ibaki. Mpeni muda. Ahamishe uzito kulia, kushoto, kulia, halafu ahesabu kwa sauti moja, mbili, na aondoke. Mguu wako ukiuweka mbele ya wake auvuke bila kuukanyaga, wengi huondoka hapo hapo. Akigeuka, azunguke kwa upana badala ya kujipinda papo hapo.

Na akiwa anatembea, wote mnyamaze. Najua ni vigumu katika nyumba yenye watoto. Mkimpeleka mjini, epukeni kushukia barabara ya Tom Mboya saa ya msongamano, maana honi, makanga, mikokoteni na watu wa kukwepa vyote vinamnyang'anya ule umakini anaotembelea. Nendeni saa ambayo dawa imekolea na umati umepungua.

Kaka yako mwonyeshe tepu. Baba akivuka mlango mbele ya macho yake, maneno yataisha.

ChuoKikuu

Mleta uzi umeeleza vizuri, ila niongeze ugumu kidogo. Niko mwaka wa nne wa udaktari. Hiyo picha ya njia mbili ndiyo tunayofundishwa, lakini ina mashimo. Kama palidasi ya ndani inazuia mwendo, basi mgonjwa akiharibiwa palidasi hiyo kwa upasuaji angepaswa kurukaruka ovyo bila kudhibitiwa. Kinachoonekana ni kinyume: ile miendo ya ovyo inayoletwa na dawa ndiyo hupungua zaidi. Watafiti Marsden na Obeso waliliandikia jambo hili mwaka 1994. Tena mwaka 2013 ilionekana kwa panya kwamba seli za D1 na za D2 huamka pamoja mnyama anapoanza kusogea. Kama moja ni ya kuruhusu na nyingine ya kuzuia, zinaamka pamoja kwa nini?

TabibuViungo

Nafurahi umeyaleta, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapokuwa ya kuvutia kweli.

Kuhusu kuamka pamoja: njia ya moja kwa moja huuachilia mwendo mmoja uliochaguliwa, na ile ya kuzunguka huizuia miendo inayoshindana nao. Ukitaka kushika kikombe, misuli mingi lazima itulie ndipo kidole kifike. Kuruhusu na kuzuia ni kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Kuna hata njia ya tatu, inayotoka gamba la ubongo kwenda moja kwa moja kwenye kiini cha chini ya thalamasi, nayo ni ya haraka kuliko zote. Hiyo husimamisha kila kitu kwanza, kabla ya uchaguzi.

Kuhusu lile fumbo la upasuaji: kinachodhuru si wingi wa ishara peke yake, ni mpangilio wake pia. Katika ubongo usio na ugonjwa seli za viini hivi hufanya kazi kwa kujitegemea, kila moja na lake. Dopamini ikipotea zinaanza kufuatana, zote kwa mdundo mmoja wa takriban mara 13 hadi 30 kwa sekunde, mdundo wa beta. Kwa mtu asiye mgonjwa mdundo huo hushuka kabla tu ya kusogea. Kwa mgonjwa unang'ang'ania, na habari ya mwendo mpya haipenyi. Akinywa levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, mdundo unapungua, na kadiri unavyopungua ndivyo kukakamaa na uzito wa kusogea unavyopungua. Saketi inayopayuka ovyo ni mbaya kuliko saketi iliyonyamaza, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tafsiri bora ya fumbo la Marsden na Obeso. Kuiondoa palidasi kunaondoa kelele, na sehemu nyingine za ubongo zinapata kufanya kazi zao.

Kutetemeka ni habari nyingine. Mtetemo wa Parkinson huwa wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, mkono ukiwa umepumzika, na haufuatani vizuri na mdundo wa beta. Unahusisha saketi ya ubongo mdogo wa nyuma na thalamasi, huku basali ganglia zikionekana kuuwasha tu. Ndiyo maana kuna wagonjwa ambao dawa inawalainisha mwili kabisa na mkono bado unatetemeka. Na wapo wenye Parkinson wasiotetemeka hata kidogo, ambao huchelewa sana kutambuliwa.

Upasuaji wa kuweka waya ubongoni unaigusa saketi hii hii. Alim-Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walianza mwaka 1987 kwa kuupa thalamasi umeme wa kasi ili kutuliza mtetemo, na mwaka 1993 wakahamia kwenye kiini cha chini ya thalamasi, kile kile cha nyani wa mwaka 1990. Kwa kawaida unasaidia dalili zile ambazo levodopa inazisaidia, pamoja na mtetemo hata pale dawa inaposhindwa kuutuliza. Hauzuii seli kuendelea kufa, na kwa kawaida haurudishi sauti wala usawa wa mwili.

MwalimuMstaafu

Wanangu, mimi ndiye mnayemzungumza. Nilifundisha shule ya msingi huku Eastlands mpaka nikastaafu. Ugonjwa ulianzia kwenye ubao. Naanza mstari kwa herufi kubwa, nikifika katikati zimenyauka, wanafunzi wa nyuma wanalalamika hawaoni. Hospitali ya kwanza niliambiwa ni baridi yabisi ya bega, nikachuliwa miaka. Kijana ameeleza vizuri lile la kukusudia. Mimi kuvaa soksi ni mtihani wa hesabu. Watu wanafikiri mkono ni mzito, lakini siusikii uzito. Nausikia unasubiri.

Nina maswali mawili. Kwanza, mbona kidonge siku nyingine kinanifungua baada ya nusu saa na siku nyingine hakifanyi kitu hata nikisubiri mpaka saa sita? Pili, jirani ananiletea unga wa mbegu za upupu, anasema ndiyo dawa yenyewe ya asili. Nitumie?

TabibuViungo

Mwalimu, heshima yako, na pole kwa miaka hiyo ya kuchuliwa bega. Herufi kunyauka ni dalili ya ugonjwa huu kabisa, na mgonjwa akiandika juu ya karatasi yenye mistari mara nyingi herufi hukua tena, kwa sababu ile ile niliyomweleza dada wa Kayole.

Dopamini yenyewe ukiimeza haifiki ubongoni, kwa kuwa haiwezi kuvuka kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Levodopa, malighafi yake, huvuka. Arvid Carlsson aliionyesha mwaka 1957 kwa sungura aliowapa dawa ya kumaliza dopamini: walilegea wasijiweze, akawapa levodopa, wakaamka. Mwaka 1960 Hornykiewicz na mwenzake Ehringer, huko Vienna, wakaupima ubongo wa wagonjwa waliofariki na kukuta striatamu haina dopamini ya kutosha. Mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha kwamba kuimeza kwa dozi kubwa, inayopandishwa polepole, kunawarudisha watu kwenye mwendo. Siku hizi kidonge kimechanganywa na kabidopa, ambayo huzuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni, ndiyo maana dozi imekuwa ndogo na kichefuchefu kimepungua.

Sasa kidonge chako. Levodopa husafirishwa na vibebaji vile vile vinavyobeba viini vya protini ya chakula, tumboni na tena kwenye kile kizuizi cha ubongo. Ukinywa kidonge pamoja na maharagwe, nyama, mayai au chai ya maziwa mengi, vinagombea nafasi, na protini ni nyingi kuliko kidonge. Zungumza na daktari wako kuhusu kumeza karibu nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Usiache protini, unaihitaji. Jaribu kuisogeza mlo wa jioni. Kufunga choo nako huchelewesha dawa, na wagonjwa wengi wa Parkinson wana tatizo hilo, kwa hivyo maji na mboga si jambo dogo. Tena miaka ikipita, seli zilizobaki haziwezi kuhifadhi dopamini kwa matumizi ya baadaye. Mwili unaanza kufuata saa ya kidonge: kikikolea umefunguka, kikiisha umefungwa. Andika kwenye daftari saa ya kumeza, saa ya kula na saa ya kufunguka, umpelekee daktari. Kwa mwalimu hilo si geni.

Upupu, jirani hakudanganyi kabisa. Mbegu zake zina levodopa ya kweli, kemikali ile ile, na umeshafanyiwa majaribio kwa wagonjwa. Ninachokiogopa ni kipimo. Mbegu za shamba moja hazilingani na za shamba jingine, na ukiongeza unga juu ya vidonge unaweza kupata miendo ya ovyo, presha kushuka ukasimama na kuanguka, hata kuona vitu visivyokuwepo. Usiuchanganye kimyakimya. Ukiutaka, daktari wako ajue.

MkeWake

Nasoma huku nalia. Mume wangu alibadilishiwa dawa mwaka jana, mwendo ukawa mzuri. Lakini tangu hapo amekuwa mtu wa kubeti. Hakuwahi kucheza kamari maisha yake yote, ni mzee wa kanisa. Sasa usiku kucha yuko kwenye simu, pesa za karo zimekwenda. Familia yake inasema nimemshindwa. Je, inaweza kuwa dawa?

TabibuViungo

Mama, ndiyo, inaweza, na usikae na hili peke yako hata wiki moja.

Kuna dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli. Sehemu ya nyuma ya striatamu imekauka na inazihitaji. Lakini sehemu ya chini na mbele, inayohusika na tamaa na matarajio ya zawadi, haijaharibika kiasi hicho, na dozi inayotosha mguu inaifurikisha ile sehemu. Hapo anazuka mtu wa kamari, wa kununua ovyo, wa kula kupita kiasi, au wa tamaa ya ngono isiyokuwa yake. Ni athari inayofahamika vizuri kwa madaktari wa neva, ingawa wagonjwa wengi hawaambiwi mapema, na katika jiji hili ambako kubeti kuko kwenye kila simu hatari ni kubwa mno.

Mrudishe kwa daktari aliyemwandikia dawa, umweleze kwa uwazi, hata kama mzee anaona haya. Usimwachishe wewe mwenyewe: dawa hizi zikikatwa ghafla mwili unaweza kukakamaa na joto kupanda kwa namna ya kuhatarisha maisha. Wakati huo huo chukueni simu ya pesa, ishikwe na mtu mwingine. Kwa wengi, dawa ikipunguzwa kwa utaratibu au kubadilishwa, hamu ile hupungua. Huyo mzee wa kanisa bado ni yule yule uliyeolewa naye, na familia yake isome hapa.

Msomaji254

Je, ni ya kurithi? Upande wa mama kuna wawili. Wengine kijijini wanasema ni kutupiwa.

TabibuViungo

Mara nyingi hairithiwi moja kwa moja, ila ukoo wenye wagonjwa unaongeza uwezekano kiasi. Kwa miaka mingi utafiti wa vinasaba ulifanywa zaidi kwa Wazungu. Mwaka 2023 ndipo ilipochapishwa kazi iliyowahusisha Wanigeria wengi na kukuta badiliko kwenye jeni ya GBA1, ambalo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na ni nadra sana kwa Wazungu. Kulibeba kunaongeza uwezekano, hakumaanishi utaugua. Kuhusu kutupiwa, nimeeleza hapo juu seli zilipo na zinavyokufa. Mzee akicheleweshwa kwa waganga, miaka ambayo dawa ingemsaidia vizuri zaidi inapotea.

KayoleKwetu

Tepu zimebandikwa, za njano. Kaka mwenyewe ndiye aliyepima hatua. Baba anavuka. Swali la mwisho: mamangu naye ameanza kutetemeka mikono miwili na kuwa mzito. Yeye anatumia vidonge vya kizunguzungu miaka miwili sasa, sinarizini, alikuwa akinunua tu dukani. Parkinson inaambukizwa?

TabibuViungo

Haiambukizwi. Lakini huyo mama hebu mwahisheni, kwa sababu huenda si Parkinson. Sinarizini huziba vipokezi vya D2. Dopamini yake ipo, seli zake zipo, ila ujumbe haupokelewi, na saketi inageukia kuzuia kama nilivyoeleza. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo hufanya hivyo, na haloperidoli ya matatizo ya akili pia. Kuanza mikono yote miwili kwa pamoja ni jambo linalotufanya tushuku dawa. Mara nyingi hali hii huondoka dawa ikisimamishwa, lakini huchukua wiki au miezi, na kwa wachache inabaki kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza chini kwa chini.

Kusanya kila kidonge kilicho nyumbani, hata vya malaria na vya usingizi, na vile alivyopewa na majirani, uvitie mfukoni uende navyo kliniki. Asipewe levodopa kabla ya daktari kuuona huo mfuko.